Mzee ana kisukari, analamba glukosi ya boksi anapata nguvu, huku mashine inasoma 15. Hii imekaaje?

#1 MwenyeDuka_Ngamiani
Wakuu habari za jioni. Nina duka la mahitaji ya nyumbani hapa Tanga na kuna jambo linaninyima usingizi.

Mtaani kwetu kuna mzee mwenye kisukari, huu mwaka wa tisa. Kila baada ya siku nne tano anamtuma mjukuu wake kwangu kununua boksi la glukosi ya unga. Mwanzo nilidhani ni ya watoto. Juzi kaja mwenyewe, nikamuuliza: shikamoo babu, hii si sukari? Akanijibu kwa uhakika: "Hii si sukari mwanangu, hii glukosi. Hata wagonjwa mahututi wanawekewa kwenye dripu. Mimi nimekatazwa sukari." Anachovya kidole kwenye boksi, analamba, anashushia kikombe cha maji. Anasema asubuhi kabla ya saa tano na tena alasiri miguu inalegea, jasho jembamba linamtoka, mikono inatetemeka. Akilamba, baada ya dakika chache anasimama imara.

Sasa mjukuu, binti wa kidato cha nne, kaninong'oneza kwamba akimpima babu kwa mashine ya nyumbani inasoma 15 (milimoli kwa lita), siku nyingine 16. Yaani sukari iko juu, babu anaongeza sukari, na akiongeza anapona!

Naomba kueleweshwa. Glukosi ya boksi na sukari ya chai ni kitu kimoja? Mtu wa 15 anapataje nguvu kwa kuongeza? Na mimi niendelee kumuuzia au nimnyime? Akienda duka la pili atauziwa tu.

#2 Pwani_Moja
Naweka kambi. Mama yangu naye ni mlamba glukosi, ila yeye hana kisukari. Anasema inakata uchovu wa jua.

#3 KemiaYaMtaani
Swali la kwanza ni jepesi. Sukari ya chai, hii ya miwa, kila molekuli yake ni ndugu wawili walioshikana mikono: glukosi na fruktosi. Utumbo unawaachanisha. Glukosi inaingia kwenye damu moja kwa moja, fruktosi sehemu kubwa inaishia kwenye ini kwanza. Unga wa boksi ni glukosi tupu, au karibu tupu ukitoa vitamini wanazochanganya. Kwa hiyo kijiko kwa kijiko, glukosi ya boksi inapandisha sukari ya damu haraka kuliko ya chai.

David Jenkins na wenzake kule Toronto walipotunga kipimo cha kasi ya vyakula kupandisha sukari, mwaka 1981, glukosi ndiyo ikaja kuwa 100, na vyakula vingine vinapimwa kwayo. Sukari ya mezani inaangukia 65 hivi. Babu amekatazwa kibaka, akamfungulia mlango jambazi.

#4 ChifuWaKahawa
Lakini babu kwenye dripu hajakosea. Mimi nililazwa na malaria, nikatundikiwa glukosi, kesho yake nikaamka na kudai supu. Kama ni sumu kwa nini hospitali wanaitumia?

#5 NesiMstaafu
Mwanangu Chifu, hakuna aliyesema ni sumu. Bila glukosi wewe husimami. Ubongo peke yake unachoma gramu 120 hivi kwa siku. Lakini hiyo dripu watu wanaiogopa na kuitukuza kuliko ilivyo. Ile ya kawaida ni asilimia 5, kwa hiyo mfuko wa nusu lita una gramu 25 za glukosi. Chupa ya soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari. Nimetumikia wodi miaka mingi, watu wakija "niwekee dripu nimechoka", nawaambia wangekula ndizi mbili na kunywa maji wangeondoka na nguvu ileile. Wewe ulipona kwa dawa ya malaria.

Ila kwenye malaria kali, hasa kwa mtoto, glukosi ni kufa na kupona. Vimelea vinakula sukari, mtoto hali, ini limechoka, sukari inashuka chini ya 2.2 mtoto anazimia au anadegedeka. Zamani tukitumia kwinini ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kwinini yenyewe inachochea kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari. Ule utafiti mkubwa wa mwaka 2010 wa watoto zaidi ya 5,000 katika nchi za Afrika, na Tanzania na Kenya zikiwemo, ulionyesha artesuneti inaokoa zaidi kuliko kwinini, na sukari kushuka kulipungua pia. Kama uko kijijini na mtoto hawezi kunywa, kijiko cha sukari iliyoloweshwa kidogo unaweka chini ya ulimi huku unakimbilia kituo. Burkina Faso walilipima hilo, likafanya kazi.

Nirudi kwa babu. MwenyeDuka, dalili ulizoandika, kulegea, jasho, kutetemeka, kupona dakika chache baada ya kulamba, mimi hizo ni dalili za sukari KUSHUKA, si kupanda. Swali langu: anameza vidonge gani, na anakula saa ngapi? Usimnyime kwanza. Kama sukari inashuka kweli, siku akikosa boksi ataanguka.

#6 Mwaka_wa_Nne
Shikamoo mama Nesi. Naongezea na napinga kidogo. Mwili uliozoea sukari ya juu kwa miaka unaweza kupiga kengele mapema. Boyle na wenzake waliandika mwaka 1988 kwamba wenye kisukari kisichodhibitiwa walianza kuhisi dalili za kushuka wakiwa na 4.3, wakati wasio na kisukari walianza kwenye 2.9. Yaani mtu anatetemeka kama ana njaa ya kufa na kipimo kinasema yuko sawa. Babu amezoea 15, akishuka hata kufika 6 mwili unapiga yowe.

#7 FundiMaabara_Mwanza
Mwaka_wa_Nne, 4.3 sawa, lakini huyu anapimwa 15 na 16. Hapo huwezi kusema kashuka. Isipokuwa anapimwa saa nyingine na dalili zinakuja saa nyingine.

MwenyeDuka nina swali dogo ambalo naomba ulijibu kwa makini. Anachovya kidole GANI kwenye boksi? Na mjukuu anamchoma kidole gani? Na ananawa?

#8 MwenyeDuka_Ngamiani
Duh. Sijui. Nitamuuliza binti kesho akitoka shule. Vidonge pia nitauliza.

#9 Pwani_Moja
Fundi umenisimamisha nywele. Unataka kusema mashine inapima boksi badala ya babu?

#10 FundiMaabara_Mwanza
Ndicho ninachohofia. Mashine inanyonya tone dogo sana, chini ya mikrolita moja kwa hizi za kisasa. Kwenye kijiti kuna kimeng'enya kinachoshika glukosi na kutoa mkondo mdogo wa umeme, mkondo ndio unaogeuzwa namba. Wazo lilianza na Clark na Lyons mwaka 1962, na kimeng'enya chenyewe mara nyingi kinatolewa kwenye kuvu weusi, Aspergillus niger. Mashine haijui glukosi imetoka kwenye damu au kwenye ngozi.

Wajapani walifanya jaribio, wakalitangaza 2011: watu wazima wasio na kisukari wakamenya chungwa, zabibu, kiwi, wakapimwa bila kunawa. Namba zikaruka juu ajabu. Wakapangusa kwa pamba ya spiriti, bado juu. Walionawa kwa maji ya bomba ndio wakasoma kweli. Sasa huyu hakumenya chungwa, kachovya kidole kwenye glukosi tupu!

#11 RiadhaIten
Hamjambo wenzangu wa upande huo, mimi niko Iten, Kenya, nafundisha wanariadha. Nina maelezo mengine ambayo hamjayagusa. Huenda nguvu ya babu haitoki kwenye damu hata kidogo, inatoka kwenye ulimi.

Mwaka 2004 Carter, Jeukendrup na Jones kule Birmingham waliwapa waendesha baiskeli maji ya maltodekstrini, huo ni wanga uliovunjwavunjwa, wakasukutua na kutema. Hawakumeza. Mbio za saa moja hivi wakazimaliza haraka kwa karibu asilimia 3. Walipochomekewa glukosi kwenye mshipa, mwendo haukubadilika. Mdomo una walinzi wanaotambua wanga na kuuambia ubongo "chakula kimefika, fungulia". Vijana wangu nawaona: anasukutua kilomita ya thelathini, uso unabadilika kabla kitu hakijafika tumboni.

Na kwa wanaokimbia mbali: glukosi peke yake utumbo unapitisha kama gramu 60 kwa saa, basi. Ukichanganya na fruktosi, inayopita mlango wake, unafika 90. Ukilazimisha glukosi tupu juu ya hapo tumbo linavurugika.

#12 Mwaka_wa_Nne
RiadhaIten hiyo nzuri sana na sikuijua. Lakini ulimi hauelezi jasho na kutetemeka vinavyokuja KABLA ya kulamba.

#13 RiadhaIten
Kweli, hilo sina jibu.

#14 MuscatNaMakunduchi
Assalaam alaykum. Mimi ni mwenye maradhi haya miaka kumi na minne, nipo Muscat. Nyote mmetazama unga, hakuna aliyetazama kikombe cha maji. Sukari ikipita 10 hivi, figo zinashindwa kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo na kuburura maji. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa wakiutambua ugonjwa kwa sisimizi chooni. Mzee wa 15 anakojoa usiku kucha, asubuhi amekauka, miguu haina nguvu. Anachopata kwenye kikombe ni maji. Mpeni maji matupu siku mbili muone.

Mimi dawa yangu ya sasa inafanya makusudi hayohayo: inaziba mlango wa figo unaorudisha sukari, sukari inatoka nje. Asili yake ni kitu kichungu kilichopatikana kwenye maganda ya mzizi wa mti wa tofaa mwaka 1835, floridzini. Mwaka 2015 dawa moja ya ukoo huo ilionekana kupunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 38 kwa wagonjwa waliokuwa tayari na maradhi ya moyo. Daktari wangu ameniambia mara moja tu: kunywa maji.

#15 NesiMstaafu
Wa alaykumu salaam kaka. Umegusa pangu. Maji na glukosi vinapita pamoja, na huo mlango uliotaja wa kwenye figo una nduguye kwenye utumbo. Robert Crane aliueleza Prague mwaka 1960: glukosi na chumvi zinaingia kwa pamoja, kama mlango wa funguo mbili. Moja ikikosekana haufunguki vizuri, na zikipita maji yanazifuata. Ndiyo siri ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kunywa mtu anapohara.

Mwaka 1971, kambi ya wakimbizi ya Bangaon, mpakani mwa India na Bangladesh ya sasa, kipindupindu kimewaka na dripu zimekwisha. Dk. Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya glukosi na chumvi kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wakawanywesha wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Glukosi na chumvi ya mezani tu! Sijui kama kuna kijiko kilichookoa watu wengi kuliko hicho.

Pakiti ya sasa, tangu WHO walipobadili mwaka 2002, ina glukosi gramu 13.5 kwa lita. Ya zamani ilikuwa 20. Waliipunguza kwa sababu sukari ikizidi inavuta maji kurudi tumboni, kuhara kunaongezeka. Kwa hiyo nyie mnaompa mtoto anayehara glukosi ya boksi kwa kukadiria kwa macho, na bila chumvi, mnaongeza moto. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoingia Dar nilikuwa kambini, mama alinijia na mtoto macho yamezama, ananionyesha chupa nzito kama uji, "nimempa glukosi tangu asubuhi". Yule mtoto alipona, lakini mama yake alilia sana tulipomweleza. Hakuna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Basi.

#16 ChifuWaKahawa
Ahsante mama. Uzi wa babu umegeuka darasa la wodi nzima.

#17 Mkwaju
Swali la pembeni. Hii glukosi ya boksi wanaitoa wapi? Kwenye miwa?

#18 KemiaYaMtaani
Mara nyingi kwenye mahindi, mkuu. Kwingine ngano, viazi au muhogo. Mahindi yanalowekwa siku moja hadi mbili kwenye maji ya moto yenye gesi ya salfa kidogo, yanasagwa, kiini na maganda vinatengwa, unabaki wanga mweupe. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi. Unapikwa kwa joto la kama nyuzi 105 pamoja na kimeng'enya cha kukatakata mnyororo, uji mzito unakuwa maji. Unapozwa hadi 60, kinawekwa kimeng'enya cha pili kinachong'oa glukosi moja moja kutoka mwishoni. Siku moja hadi tatu, wanga wote umekuwa glukosi. Inachujwa, inagandishwa kuwa fuwele, inasagwa, inaingia boksini.

Zamani walitumia asidi. Gottlieb Kirchhoff, St. Petersburg, 1811, alichemsha wanga wa viazi na asidi ya salfa akapata sharubati tamu. Wakati huo Ulaya ilikuwa na njaa ya sukari kwa sababu ya vita vya Napoleon.

Sasa jambo ninalolipenda. Bibi zetu walikuwa na kiwanda hicho ndani ya chungu. Ukipika uji mzito, ukausubiri upoe kidogo, ukatia kimea cha ulezi, unafanyaje? Unalegea na kuwa mtamu bila kutia sukari. Hiyo ndiyo togwa. Nafaka ikiota inatengeneza kimeng'enya kilekile cha kukata wanga. Mosha wa Tanzania na Svanberg wa Uswidi waliliandika kisayansi mwaka 1983: unga kidogo wa kimea unalegeza uji mzito, mtoto mdogo mwenye tumbo dogo anakula chakula kingi zaidi kwa kikombe kilekile. Tunaagiza maboksi na elimu ilikuwa jikoni.

#19 PipiNaBiskuti
Nathibitisha. Nilifanya kazi kiwanda cha pipi miaka sita. Tulikuwa tunapokea glukosi ya maji kwenye mapipa, nzito inavutika kama gundi ya mti. Ukipika pipi kwa sukari ya miwa peke yake, ikipoa inajigeuza chengachenga kama mchanga. Glukosi ya maji inazuia, pipi inabaki kama kioo. Baridi ikiingia pipa halimiminiki, tunalizungushia mvuke. Nyuki walikuwa wanatusumbua ajabu!

#20 KemiaYaMtaani
Na si pipi tu. Glukosi ikiongezewa haidrojeni inakuwa sorbitoli, iko kwenye dawa nyingi za meno. Sorbitoli hiyohiyo ndiyo mwanzo wa vitamini C ya vidonge, kwa njia aliyoitunga Reichstein mwaka 1933. Asidi ya limau ya kwenye soda haitoki kwenye limau, inatolewa na kuvu yule mweusi wa Fundi akilishwa sukari. Kuvu mmoja anatupa limau ya soda na kimeng'enya cha kupima kisukari kinachoweza kuletwa na soda hiyohiyo.

#21 Mkwaju
Kwa hiyo asubuhi napiga mswaki kwa mahindi. Sawa.

#22 MtafitiWaKahama
Mimi nataka turudi kwenye ukubwa wa tatizo. Profesa McLarty na timu yake walipima vijiji sita Tanzania, matokeo yakatoka 1989: wenye kisukari 0.87% tu. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa ukakuta karibu 9%. Mara kumi ndani ya kizazi kimoja! Hizi glukosi, soda, pipi na mahindi ya viwandani ndiyo majibu.

#23 Mwaka_wa_Nne
Taratibu kaka. Ile ya 1989 ilikuwa vijijini tupu na ilianzia miaka 15. Ya 2012 ilichanganya mijini, na umri ulikuwa 25 hadi 64. Huwezi kuzilinganisha namba kwa namba. Kuongezeka kumeongezeka, nakubali, ila "mara kumi" iache.

#24 MtafitiWaKahama
Nimekuelewa kwenye umri. Lakini hata ukichuja, mlima bado upo. Na wale wa 1989 walikuwa wakilima kwa jembe la mkono kutwa. Msuli unaofanya kazi unameza glukosi hata insulini ikiwa chache. Tumekaa mno.

#25 Pwani_Moja
Kuna mtu aliniambia wali wa kiporo haupandishi sukari. Ni kweli au ni faraja ya maskini?

#26 KemiaYaMtaani
Una ukweli ndani yake. Wanga uliopikwa ukipoa, sehemu inajipanga upya na kuwa ngumu kwa vimeng'enya vya tumbo. Indonesia mwaka 2015 walipima: wali uliolala saa 24 kwenye friji kisha ukapashwa ulipandisha sukari kidogo kuliko wa moto moto. Wanga mgumu ulitoka gramu 0.64 hadi 1.65 kwa kila gramu 100. Ona namba zenyewe, ni ndogo, na waliopimwa walikuwa 15, wazima. Kiporo si ruhusa ya sahani ya pili. Na kisilale mezani usiku wa joto wa Tanga, kitawapeleka kwa mama Nesi.

#27 MwenyeDuka_Ngamiani
NIMERUDI. Kaeni mkao.

Kidole ni cha shahada, mkono wa kulia. Ndicho anachochovya na ndicho anachochomwa! Binti anasema babu hapendi kuchomwa mkono wa kushoto. Na anampima akishaona ametetemeka, yaani babu ameshalamba tayari. Hanawi, anapanguswa kwa pamba.

Jana nikaenda mwenyewe. Saa tano kasorobo, babu kalamba. Kidole cha shahada: 15.8. Nikamwomba anawe kwa sabuni na maji, akajifuta vizuri, tukachoma kidole cha kati cha kushoto: 8.9. Tofauti ya dakika tatu!

Vidonge: metfomini na glibenklamidi. Anameza alfajiri akishaswali, chai ya mkandaa na kipande cha muhogo, halafu hali tena mpaka saa nane mchana. Ana miaka 74.

#28 Pwani_Moja
FUNDI WEWE NI NANI!

#29 NesiMstaafu
Glibenklamidi, miaka 74, na tumbo tupu. Nilijua. Hiyo dawa inakamua kongosho litoe insulini ule usile, na inakaa mwilini muda mrefu, hasa figo zikichoka. Orodha ya dawa muhimu ya WHO yenyewe inasema haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60. Sisemi aache kesho. Nasema aende kliniki na hizo habari, na figo zipimwe. Binti aje na saa za kula zimeandikwa.

#30 FundiMaabara_Mwanza
Nafurahi, ila tusishangilie mno. 8.9 nayo imepimwa baada ya kulamba, haijatuambia alikuwa na ngapi akitetemeka. Na mashine hizi zinaruhusiwa kukosea asilimia 15 juu au chini hata zikiwa nzima. Kijiti kikiwekwa jikoni penye mvuke, au kikaachwa kopo wazi, kinaharibika. Je, ana kipimo cha miezi mitatu?

#31 MwenyeDuka_Ngamiani
Anacho, cha mwezi wa pili. Kadi inasema HbA1c asilimia 9.4.

#32 Mwaka_wa_Nne
Basi hapo tumekwama upya. 9.4 ni wastani wa kama 12.4 kwenye mashine. Kidole kichafu hakiwezi kudanganya kipimo cha miezi mitatu. Babu ana sukari ya juu KWELI, sehemu kubwa ya siku. Kwa hiyo nadharia yangu ya kengele ya mapema bado inasimama: wastani 12, akishuka 5 anatetemeka.

#33 FundiMaabara_Mwanza
Na wastani unaficha mabonde. Mtu wa 3 asubuhi na 20 usiku ana wastani mbaya pia. Halafu kipimo hicho kinategemea chembe nyekundu. Huku kwetu penye selimundu nyingi, hata mwenye kurithi upande mmoja asiyeumwa, namba inaweza kusoma chini ya ukweli. Upungufu wa madini ya chuma unaisogeza juu. Mzee wa chai ya mkandaa na muhogo, damu yake imepimwa lini?

#34 MuscatNaMakunduchi
Na maji je? Hakuna aliyejaribu maji matupu.

#35 NesiMstaafu
Kaka, kwa mtu anayetoka jasho na kutetemeka siwezi kuruhusu majaribio ya maji matupu. Anawe, apimwe, ikiwa chini ya 3.9 apewe glukosi gramu 15, yaani vijiko vidogo vitatu hivi, asubiri robo saa, apimwe tena, kisha ale chakula. Ikiwa juu, hapo mpe maji yako.

#36 MuscatNaMakunduchi
Hapo nimeridhika dada. Hata sisi kwenye Ramadhani tunaambiwa hivyohivyo na madaktari: ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7, saumu inavunjwa siku hiyo.

#37 KemiaYaMtaani
Kumbe boksi la MwenyeDuka linaweza kuwa dawa ya babu, lakini saa maalumu na kijiko maalumu.

#38 MwenyeDuka_Ngamiani
Wadau, nimempa binti daftari. Amri ni moja: kunawa kwanza, kidole cha kushoto, KABLA ya kulamba. Boksi nimemuuzia na kijiko cha plastiki nimempa bure, kidole marufuku. Siku nne zimepita:

Jumatatu saa tano asubuhi, anatetemeka: 3.4
Jumanne saa kumi alasiri, anatetemeka: 6.1
Jumatano saa tano asubuhi, anatetemeka: 3.7
Jumatano usiku kabla ya kulala, hana dalili: 17.2
Alhamisi alasiri, miguu imelegea, jasho hakuna: 12.0

#39 Mwaka_wa_Nne
6.1 anatetemeka! Hiyo ndiyo yangu.

#40 NesiMstaafu
Na 3.4 na 3.7 ni zangu, na hizo ndizo zinazoua. MwenyeDuka usisubiri siku ya tano. Kesho asubuhi kliniki, na daftari, na vidonge vyote ndani ya mfuko.

#41 MuscatNaMakunduchi
Alhamisi 12.0 miguu imelegea bila jasho. Mkampa nini?

#42 MwenyeDuka_Ngamiani
Maji, vikombe viwili, kama mlivyosema. Baada ya nusu saa akasema yuko nafuu. Lakini RiadhaIten asinicheke, binti anasema alikuwa amekisukutua kile kijiko mdomoni kabla hajaletewa maji.

#43 RiadhaIten
Sicheki hata kidogo. Kilikuwa na unga?

#44 MwenyeDuka_Ngamiani
Anasema kilikuwa kimeoshwa. Babu anasema hakikuoshwa vizuri. Kesho saa moja tunatoka kwenda kliniki, nitawaletea walichosema kuhusu glibenklamidi.